Mkwe Juu ya Ngazi

Siku ambayo Wardina binti Hamdan alitakiwa apendeze kuliko siku zote za maisha yake, ilimkuta juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya kiyoyozi, pua imejaa vumbi la miaka miwili.

Si kwamba hakujiandaa. Nguo yake ya rangi ya samawati, ndefu, ya mikono mirefu, ilikuwa imepigwa pasi tangu jana na kutundikwa nyuma ya mlango wa bweni. Ilikuwa Siku ya Ajira chuoni, na kampuni kumi na nne zilikuwa zimepanga meza ukumbini, kutoka Ipoh, kutoka Johor, hata kutoka ng'ambo ya bahari huko Sarawak. Wazazi walikuwa wamekuja na vikapu vya chakula utadhani wanahamia. Sasa, saa tisa kasoro, kiyoyozi kikubwa cha ukumbi kikakohoa mara mbili, kikanyamaza. Watu mia tatu wakaanza kujipepea kwa vipeperushi vya kazi. Mkuu wa chuo akawageukia wanafunzi wa ufundi wa baridi kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Chuo kinachofundisha watu kutengeneza viyoyozi, wageni wake waive kama maandazi? Wardina ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani miaka yote miwili. Akavaa ovaroli juu ya fulana, akafunga mtandio wake vizuri nyuma ya shingo, akapanda.

Mfukoni mwa ovaroli mlikuwa na fomu iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya kazi Bintulu, huko Sarawak, kwenye kampuni inayotunza vyumba vya baridi bandarini, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa saa kumi alasiri ya siku hiyohiyo. Alikuwa hajaijaza. Iqmal, kijana wake wa darasa la keki na mikate, alimwomba asubiri. "Leo mama anakuja," alimwambia asubuhi, macho yanang'aa. "Leo namwambia yote. Akitubariki, jaza fomu yako kwa amani." Wardina naye alishaapa kwamba hataingia nyumba ya mtu juu ya machozi ya mama. Yeye wa kwake alimzika akiwa na miaka tisa, na alijua mama ni kitu gani.

Kwa hiyo siku nzima ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wa mwanamke mmoja ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana.

"We mtoto! Ngazi hiyo haina mtu wa kuishika?"

Sauti ilitoka chini. Wardina hakutoa kichwa.

"Mwenzangu kaenda kuosha chujio, Mama. Anakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya vijana naijua mimi. Mwanangu akiniambia sasa hivi, napika, nakula, naosha vyombo, bado hajatokea. Utaanguka uvunjike kiuno, halafu nani akuoe?" Ngazi ikatikisika kidogo, kisha ikatulia imara. "Haya, fanya kazi yako. Nimeshika."

"Ahsante, Mama," alisema Wardina, akainama kumtazama huyo msamaria.

Moyo ukamlipuka paa!

Alikuwa ameona picha za uso ule mara mia kwenye simu ya Iqmal. Yale yalikuwa macho ya Iqmal yenyewe, makubwa, yenye kope ndefu zisizostahili kupewa mwanamume. Palikuwa na kidoti cheusi kando ya pua, na mtandio wa zambarau uliobanwa kwa pini ya dhahabu. Bi Saodah, mjane wa Parit Melor, mwenye kantini ya shule, mama wa Iqmal, alikuwa ameshika ngazi yake kwa mikono miwili, mkoba unaning'inia begani.

Wardina akarudisha kichwa ndani ya kiyoyozi haraka kama kobe.

"Unasoma hapahapa?" aliuliza Bi Saodah.

"Hapahapa, Mama."

"Ufundi huohuo wa baridi?"

"Huohuo."

"Basi Mungu kanileta kwenye ngazi ya haki. Kuna msichana anaitwa Wardina, wa ufundi wa baridi. Unamjua?"

Bisibisi ikamponyoka Wardina, ikagonga bati, ikabaki imenasa kwenye bomba. Angeweza kusema ni mimi. Maneno mawili tu. Lakini alijiona alivyo, uso mweusi kwa vumbi, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, na ulimi ukamkimbia.

"Namjua kidogo," alisema.

"Kidogo kama nini?"

"Tunalala bweni moja."

"Alhamdulillah! Huko si kidogo, huko ni kujuana hadi ndoto." Bi Saodah akasogea karibu zaidi na ngazi na kushusha sauti, sauti ya mtu aliyezoea kupata habari. "Sikiliza, mwanangu. Siku hizi watu hawapelelezi. Kijana anamleta msichana, wanapiga picha, wanachapa kadi za harusi. Mimi posa bila upelelezi sijaisikia. Mama yangu mkwe alizunguka nyumba saba kuniuliza mimi. Saba! Hata muuza samaki aliulizwa. Sasa nisaidie. Huyo Wardina, anapika?"

Wardina akafumba macho. Kudanganya kuhusu jina kulikuwa kumeshamtosha kwa siku moja.

"Hapana, Mama. Wali wake chini umeungua, juu mbichi."

"Astaghfirullah."

"Mayai anajitahidi."

"Mayai hata mwanangu alikaanga akiwa na miaka sita. Anaswali?"

"Anaswali. Alfajiri mpaka aamshwe, lakini."

"Mkweli wewe, nimekupenda. Hasira?"

"Akichokozwa. Ila hazikai, akishasema yake yanaisha."

"Kwao?"

"Baba yake anagema mpira, kule Changkat. Mama yake alifariki Wardina akiwa mdogo."

Mtu fulani kwenye meza ya benki alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

"Maskini," alisema Bi Saodah polepole. "Basi wali huo tumsamehe. Nani angemfundisha?"

Wardina alibana midomo. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa huruma, nayo ilimkuta hana ngao. Akaichomoa bisibisi, akaanza kukaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

"Na sura? Mzuri?"

"Mama jamani! Sisi wasichana hatuangaliani hivyo."

"Wee! Nyie ndio mnaoangaliana kuliko wavulana. Sema."

"Wa kawaida. Pua yake kama kifungo cha shati."

"Mwanangu anasema akimtazama macho anasahau kiasi cha sukari. Wiki iliyopita keki mbili zimetupwa."

"Anasema hivyo?" aliuliza Wardina, na kichwa kikatoka chenyewe kwenye kiyoyozi. Akakirudisha. "Yaani, hao vijana wa keki, Mama, wana maneno matamu."

"Ukipenda, chongo huita kengeza. Alinieleza saa nzima nikaunguza dagaa." Bi Saodah akacheka, kisha kicheko kikafifia. "Shida yangu si pua wala si wali. Shida yangu huyo binti anakwenda Bintulu. Saa mbili angani! Mke yuko Bintulu, mume yuko huku, ndoa hiyo italala wapi? Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Hapo sasa Wardina hakuweza kunyamaza. Aliipenda ile kazi kabla hata hajaiona. Alipenda wazo la chumba kikubwa kama ukumbi huu kilichojaa samaki wa kupelekwa nchi za watu, na yeye ndiye anayeamua baridi iwe kiasi gani. Katika darasa lake walikuwa wasichana wawili tu, na mwalimu mmoja aliwahi kuwaambia wachague ushonaji wasije wakaharibu kucha.

"Mama, nikuulize na mimi," alisema. "Ungekuwa na binti, akapata kazi kama hiyo, ungemzuia?"

Bi Saodah aliinamisha kichwa. Alipojibu, alikuwa anaongea na ngazi.

"Mwaka nilioposwa nilikuwa nimechaguliwa kwenda Taiping kusomea uuguzi. Barua ninayo mpaka leo, imetoboka mikunjo. Mchumba akasema hapana, nikakaa. Alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, sina la kumsema. Lakini nikipita hospitali naangalia zile sare nyeupe, nageuza shingo mpaka basi lipinde kona." Akavuta pumzi. "Ningekuwa na binti, begi lake ningelibeba mwenyewe."

"Sasa, Mama..."

"Sasa mimi sina binti! Nina mtoto wa kiume mmoja, na kichwa chake kimejaa hamira. Hoteli kubwa ya Penang imemwita, jiko la keki, mpishi mkuu mwenyewe kampigia simu. Unajua kasemaje? Kakataa. Anasema anamfuata Wardina Bintulu, akauze keki kando ya barabara. Kukataa Penang! Kule juani siagi itamtiririka mpaka kwenye soksi!"

"Kakataa lini?"

"Jumatano."

"Mbona hakuniambia?"

Neno lilishatoka. Njia ya mwongo fupi, na ya Wardina iliishia hapo, ngazini. Alitazama chini. Bi Saodah alikuwa anamtazama juu, hana mshangao hata chembe.

"Sasa najua hakukuambia," alisema. "Ndicho nilichokuja kukijua. Uso wako umesema kabla ya mdomo."

"Mama... umenijua?"

"Tangu nilipoona hivyo viatu."

Wardina akatazama buti zake za kazi zenye kamba nyekundu. Zawadi ya Iqmal, siku yake ya kuzaliwa.

"Vilikaa wiki mbili chini ya kitanda cha mwanangu," alisema Bi Saodah. "Yeye ana mguu kama jahazi, na vile namba tano. Nikajiuliza, hivi ni vya nani? Nikavijaribu. Vikanikaa barabara. Nikatembea navyo jikoni, nikajiona mhandisi."

Wardina alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kushika ngazi kwa nguvu.

"Nisamehe, Mama. Nimekudanganya."

"Na mimi nimekudanganya, tumelipana. Tena umejisema vibaya kuliko adui yako angekusema. Ila nikuambie kweli yangu." Sauti yake ilikuwa imepoa, haina tena mchezo. "Kuna maneno nimeyapanga tangu nimetoka nyumbani. Nilikuja kukuomba umwache mwanangu. Nilidhani wewe ndiye uliyemwambia akatae."

Mtu anaweza kuambiwa hivyo akiwa kwenye kiti na akaanguka. Wardina alikuwa futi kumi juu ya sakafu, na hakuanguka. Kilichompanda ni hasira, tena si kwa mama huyu. Aligeuka, akachukua kifuniko cha kiyoyozi, akakifunga skrubu zote nne, moja baada ya nyingine, kwa sababu fundi haachi kazi wazi hata akiwa anaumia. Faizura, mwenzake wa kozi, alikuwa amerudi na chujio safi mkononi, kasimama kando mdomo wazi. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Uso wake ulisema amesikia cha kutosha.

"Lipachike pembeni pale, halafu washa," Wardina alimwambia akishuka. "Mimi nina mtu wa kuonana naye."

Meza ya darasa la keki ilikuwa karibu na mlango wa ukumbi. Iqmal alikuwa ameinamia keki ya tabaka tatu, ulimi umetoka nje kidogo, anachora maua ya krimu. Alipomwona Wardina akija uso wake wote ukafunguka kama dirisha. Kisha akaona jinsi alivyokuwa anatembea, na mkono wenye krimu ukashuka.

"Wardina? Mama kafika, umemwona? Namtafuta tangu..."

"Penang."

Iqmal akatazama keki yake.

"Nani kakwambia?"

"Mama yako, akiwa ameshika ngazi yangu. Jumatano, Iqmal! Leo Jumamosi. Siku tatu unanitazama machoni, unanipa keki nionje, unaniuliza sukari imezidi, kumbe una Penang mfukoni umeikunja umeitupa."

"Nilitaka kukushtukiza. Tufike Bintulu wote, ushuke ndegeni unione nyuma yako na begi."

"Umeshanishtukiza. Hongera."

"Mimi nakupenda, Wardina." Alilisema mbele ya wazazi wa watu, mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anachagua keki ya muhogo, na hakupunguza sauti. "Kazi zipo nyingi. Wewe ni mmoja. Kosa langu nini?"

Wardina alihisi hasira inalegea. Nani asingelegea? Kijana mwenye kope vile, unga shavuni, anakuambia wewe ni mmoja. Lakini alijikaza, na tumshukuru kwa hilo, maana wasichana wengi wangeishia hapo na kulia miaka kumi baadaye.

"Kosa lako hukuniuliza. Umenitwisha mzigo nimelala. Siku utakayochoka kusimama juani kule, mteja kagoma, keki imeyeyuka, utanitazama na kusema, yote haya kwa ajili yako."

"Sitasema!"

"Najua hutasema. Utanyamaza. Hilo ndilo siliwezi." Macho yalianza kumuuma. "Mama yako miaka yote hii hajasema, Iqmal. Unajua barua yake ya uuguzi anayo bado?"

Iqmal hakujua. Ilionekana usoni mwake kwamba hakujua.

"Mimi naipenda kazi yangu," alisema Wardina. "Naipenda kwelikweli, sioni haya. Na wewe unaipenda yako. Nimekuona ukilia keki ya mtihani ilipobonyea."

"Sikulia. Ilikuwa vitunguu."

"Kwenye keki?"

Mzee wa keki ya muhogo akakohoa kuficha kicheko. Iqmal naye mdomo ukamcheza, akajizuia.

"Sasa unataka nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wapigie sasa hivi, mbele yangu. Wakiwa bado hawajampa mtu, unakwenda Penang, mimi nakwenda Bintulu."

"Na sisi?"

"Sisi tunasubiriana. Mwaka mmoja, miwili. Watu wanapanda mdurian wanasubiri tunda lake miaka saba, nami nishindwe kukusubiri wewe?"

"Unanifananisha na durian?"

"Hata kunuka mnafanana ukitoka jikoni. Piga simu!"

Alipiga. Vidole vilikuwa na krimu, simu ikawa nayo. Wardina alisimama mikono imefungana kifuani, na ndipo alipohisi mtu kando yake. Bi Saodah alikuwa amefika, ameshika kipande cha keki ya kijani, ya majani ya pandani, kwenye karatasi, anakula taratibu kama mtu aliye sinema. Wote wawili walimtazama kijana wao.

"Salaam alaikum, bwana... ni Iqmal. Ndiyo. Yule wa Jumatano." Iqmal alifumba macho. "Nilikosea, bwana. Kama nafasi bado ipo, naiomba tena. Kwa unyenyekevu... Ndiyo... Ndiyo, nimeelewa... Naam, wazimu. Ni wazimu, bwana, sikatai..."

Alisikiliza kwa muda mrefu. Wardina aligundua kwamba ameshika mkono wa mtu, na kwamba mkono ule ulikuwa wa Bi Saodah, na kwamba nao ulikuwa umemshika.

Iqmal akashusha simu.

"Kasema kuna kijana mwingine alikuwa aitwe leo saa nane. Kasema nina bahati yeye ni mvivu wa kupiga simu." Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake likazunguka uso mzima. "Niripoti Jumapili ijayo. Nikichelewa dakika moja, nikaoshe masufuria."

Wakati huohuo juu yao kiyoyozi kikanguruma, kikavuta pumzi, kikamwaga baridi ukumbi mzima. Watu mia tatu wakapiga makofi na vigelegele. Iqmal, ambaye hakuelewa wanashangilia nini, aliinama kuwashukuru kwa heshima. Wardina alicheka mpaka akashika meza. Bi Saodah alicheka mpaka keki ya pandani ikamdondoka.

"Huyu ndiye unayemtaka?" alimuuliza Wardina akijifuta macho. "Bado una nafasi ya kukimbia."

"Huyuhuyu, Mama."

"Haya. Iqmal, simama vizuri nikuambie. Nilikuja hapa kumwomba huyu binti akuache. Yeye ndiye kakurudishia riziki yako, tena kwa kukukaripia mbele za watu kama ninavyokukaripia mimi. Nikimkosa huyu, mwingine wa kukuweza nitamtoa wapi?"

"Mama! Ina maana umekubali?"

"Mimi si mtu wa kukubali mlangoni pa ukumbi. Jumamosi ijayo tunakwenda Changkat kwa baba yake, na wazee, na pete, na maneno yake yote yanayotakiwa. Kabla hujaripoti kuosha masufuria. Wardina, mwambie mzee wako tunakuja. Na usipike."

"Sipiki, Mama."

"Utapika mayai."

Iqmal alimtazama Wardina, Wardina akamtazama Iqmal. Hawakushikana hata kidole, kwa kuwa mama yupo na watu wapo, lakini walitazamana kwa namna iliyomfanya yule mzee alipe keki yake na kuondoka haraka bila kudai chenji. Wardina aliwaza kwamba angeweza kuishi mwaka mzima kwa mtazamo ule mmoja, na kama ukipungua, simu zipo.

"Saa tisa na dakika arobaini," alisema Bi Saodah, akiangalia saa yake. "Fomu yako iko wapi?"

Walikwenda watatu hadi meza ya kampuni ya Bintulu, Wardina mbele na ovaroli yake, hakuona tena haja ya nguo ya samawati. Nyuma ya meza alikaa Bi Dayang, mwanamke mnene wa Sarawak mwenye sauti ya bandarini. Alimtazama vumbi la usoni, akatazama kiyoyozi, akatazama tena vumbi.

"Wewe ndiye uliyekifufua kile?"

"Ndiyo, Bibi. Na mwenzangu Faizura."

"Basi usaili umekwisha. Jaza."

Wardina alikunjua fomu, akaandika akiwa amesimama. Jina. Kijiji. Kazi ya baba. Cheti. Bi Dayang alimfuata kwa kidole kutoka upande wa pili.

"Hapo, mtu wa kuarifiwa likitokea jambo. Wa kwanza baba, vizuri. Wa pili?"

"Ninaye baba tu, Bibi."

"Tunataka wawili, mwanangu. Baba ni mgema, yuko porini asubuhi yote, simu haishiki mtandao. Tumpigie nani?"

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mstari huu Wardina aliujua. Ulikuwa kwenye fomu ya sekondari, ya kliniki, ya chuo, na siku zote aliupigia kistari akaendelea. Aliinamisha kichwa ili apige kistari tena.

Bi Saodah alisogea, akaweka mkoba wake mezani kwa kishindo.

"Nipigieni mimi. Andika, Saodah binti Saad." Akataja namba yake polepole, tarakimu kwa tarakimu, kisha akairudia. "Usiku, mchana, hata nikiwa kantini na watoto mia nne wanalia njaa, nitashika."

Bi Dayang alimtazama yule mama mwenye mtandio wa zambarau, akamtazama msichana mwenye ovaroli, akamtazama kijana aliyejaa krimu nyuma yao.

"Uhusiano?" aliuliza. "Hapa lazima pajazwe. Nani wake?"

Iqmal alifungua mdomo. Mama yake alimnyamazisha kwa kiganja bila kugeuka. Alitoa kitambaa kwenye mkoba, akamshika Wardina kidevu, akamfuta vumbi puani, kwenye mashavu, na yale maji yaliyokuwa yameanza kushuka juu yake.

"Andika mama," alimwambia. "Neno la mkwe tutaliongeza harusi ikipita."

Wardina aliandika mama, kwa herufi kubwa zilizojaza mstari mzima, na Bi Dayang akamshikilia karatasi.